math.log si ya besi 10, jamani

Nimeletewa tena faili la Excel na skripti ya Python, na lalamiko lilelile: "Mwalimu, Python inakosea logi." Haikosei. math.log(100) inakupa 4.605170185988092 kwa sababu ni logi asilia, ya besi e (ile namba ya kama 2.718). LOG ya Excel ndiyo inayochukua besi 10 usipoitajia besi, ndiyo maana LOG(100) kwao ni 2. Logi asilia kwao ni LN. Ukitaka 2, andika math.log10(100). C na JavaScript ziko upande wa Python, hifadhidata ya MySQL vilevile, ile ya PostgreSQL iko na Excel. Hapo sina la kuwatetea waliozitunga.

Kinachonikera zaidi ni yule wa pembeni anayedakia: "Besi haina neno, logi ni logi." Inategemea, bwana! Ukigawa logi kwa logi, besi inajifuta. Mwani unaokua asilimia 5 kwa siku utafika maradufu baada ya log(2)/log(1.05), yaani siku 14.2, tumia besi uitakayo. Lakini kiwango cha ukuaji, kile wanachokiandika wanafunzi wanaokwenda kupima mwani Paje na Jambiani, Zanzibar, hakina mgawanyo huo. Ni logi ya uzito wa mwisho, toa logi ya uzito wa mwanzo, gawa kwa siku, zidisha kwa 100. Shada la mwani la gramu 100 likifika 200 kwa siku 14, logi asilia inatoa asilimia 4.95 kwa siku. Besi 10 inatoa 2.15. Na usiniambie hiyo 2.15 ni makadirio: likuze shada kwa kiwango hicho siku zote 14, utalifikisha kama gramu 135 tu.

Tena hiyo 4.95 nayo ina lake. Ni kiwango cha ukuaji wa mfululizo. Ukiiongeza kila siku juu ya uzito wa siku iliyotangulia, unaishia kama gramu 197. Cha siku kwa siku ni 5.08. Ripoti zinazonipitia mkononi hazisemi zimetumia kipi, na mimi sishikilii kimoja, ilimradi useme. Kusema kweli, shada likipimwa linachuruzika na likipimwa limeshanyauka kidogo, tofauti yake inazimeza desimali zote hizi. Mtu akiniandikia 4.951 nacheka.

La haraka: usiandike math.log(1000, 10). Inarudisha 2.9999999999999996 badala ya 3, na int, inayotupa desimali, inaikata ikawa 2. Na kuhesabu tarakimu usitumie logi kabisa, kwani hata math.log10(999999999999999) inasema 15.0, ukijumlisha 1 unapata tarakimu 16 wakati ziko 15. Tumia len(str(n)) ulale.

Mwisho, sifuri. math.log(0) kwenye Python inagoma kwa ValueError. JavaScript inakupa -Infinity kimyakimya na grafu yako inaharibika. Kuna wanaoongeza gramu 1 kwenye kila uzito ili programu inyamaze. Msifanye hivyo! Shada lililong'olewa na mawimbi halina kiwango cha ukuaji. Liandikeni limepotea, idadi ya yaliyopotea ikae safu ya peke yake.