Sukari yako simuni: andika namba pamoja na saa yake

Mwenye kisukari akifika kliniki na namba moja tu, ile ya asubuhi hiyo, daktari hubaki kubahatisha. Simu inaondoa tatizo hilo, na si lazima iwe simu janja. Senegal walipoanza mwaka 2014 kuwasaidia wenye kisukari wakati wa Ramadhani, walitumia meseji za kawaida.

Wiki mbili kabla ya tarehe ya kliniki, kila ukipima andika meseji ya mstari mmoja uihifadhi: "12/3, asubuhi kabla ya kula, 8.4, jana usiku wali wa nazi." Hayo ya mwisho usiyaache. Bila chakula, 8.4 haisemi kama tatizo ni dawa au ni sahani ya jana.

Kinachowavuruga wengi ni saa. Tanga tunasema saa 1 asubuhi, simu inaandika 07:00. Aliyeweka kengele ya dawa 01:00 inamlilia usiku wa manane, kesho yake anaizima, na dawa anaisahau. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00.

Tazama pia kipimo. Mashine nyingine husoma mg/dL, si mmol/L kama hiyo 8.4 yako. Gawanya kwa 18 upate mmol/L. Kwa hiyo 151 ya jirani na 8.4 yako ni sukari ileile, msitishane.

Namba ya uongo huanzia mkononi. Umetoka kumenya embe, ukatoboa kidole bila kunawa, mashine inapima embe. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, toboa ubavuni mwa ncha ya kidole. Stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea damu, nazo haziwezi unyevu wetu wa pwani: toa moja, funga kopo papo hapo, na usizihamishie kwenye pochi.

Kwa watu wazima wengi tunalenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili tangu uanze kula. Wazee daktari huwalegezea. Ukiona chini ya 4, simu weka kando kwanza. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Meseji itaandikwa baadaye.