Mgonjwa wa ini asinyimwe mayai

Katika wodi ninayofanyia kazi, huku Kanda ya Ziwa, wagonjwa wa ini huwa wanafika tumbo limejaa maji, mikono na mapaja yamekwisha. Wengine ini limeharibiwa na homa ya ini B, wengine na pombe, na huku kwetu kichocho nacho kina sehemu yake: mayai ya minyoo hukwama kwenye mishipa midogo ya ini, makovu yanatanda, na mwisho mtu anatapika damu. Sababu zinatofautiana, ila masharti wanayokuja nayo ni yale yale. Asile nyama. Asile mayai. Asile maharage. Mgonjwa anabaki na uji mwepesi na tikiti maji. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na naandika kwa sababu masharti hayo yanawamaliza watu.

Masharti yenyewe yalianzia hospitalini. Protini inapomeng'enywa tumboni hutoa amonia, na ini lililosinyaa haliwezi kuiondoa yote. Ikipanda kwenye ubongo, mgonjwa anasinzia mchana, anakesha usiku, mikono inapigapiga, anaongea maneno yasiyoeleweka. Basi kwa miaka mingi madaktari wakawa wanakata protini. Kilichosahaulika ni kwamba misuli nayo husafisha amonia kwenye damu. Ukimnyima mgonjwa protini, mwili unaanza kuvunja misuli yake wenyewe, na uwezo huo wa kusafisha unapungua pamoja nayo. Mwaka 2004 watafiti wa Barcelona walichapisha matokeo ya wagonjwa 30 waliolazwa wakiwa wamechanganyikiwa kwa ajili ya ini. Waliopewa protini ya kawaida tangu mwanzo walipata nafuu sawasawa na waliokatiwa; tofauti ni kwamba miili ya waliokatiwa ilivunja protini yake zaidi. Leo miongozo inataka gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku.

Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 72 hadi 90. Mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa, kikombe cha maharage yaliyoiva vizuri na kipande kizuri cha sato, pamoja na ugali wake, vinamfikisha. Anayeelekea kuchanganyikiwa, mara nyingi huvumilia zaidi maziwa, mtindi na maharage kuliko nyama nyekundu, kwa hiyo tunahamishia uzito huko badala ya kukata. Na apate choo laini kila siku, mara mbili au tatu, ndiyo kazi ya ile dawa tamu ya laktulosi. Mara nyingi kinachomvuruga ni kufunga choo, maambukizi au damu kuvuja tumboni, si yai alilokula asubuhi.

Mizani inadanganya sana kwenye ugonjwa huu. Juzi mama mmoja alifurahi kuniambia mumewe ameongezeka. Nikamshika mzee mkono wa juu, nikazungusha utepe wa kupimia, kisha nikamwonyesha mama jinsi ngozi ilivyolegea nyuma ya mkono na mashimo yaliyojitokeza pembeni mwa paji la uso. "Kwa hiyo hizo kilo ni maji, dada?" Ni maji, mama. Lita moja ya maji tumboni ni kama kilo moja kwenye mizani. Tunakadiria uzito bila maji ndipo tupige hesabu ya chakula, na wiki hadi wiki tunafuata mkono.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni usiku. Ini zima huweka akiba ya sukari ya kumvusha mtu hadi asubuhi. Ini lenye makovu halina akiba hiyo, na kulala njaa usiku mmoja kwa mgonjwa huyu ni sawa na mtu mwenye ini lenye afya kukaa siku mbili au tatu bila kula. Saa tisa usiku, yeye amelala, mwili unachukua misuli na kuigeuza sukari. Kule Auckland, New Zealand, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa wagonjwa lishe ya ziada ile ile, wengine mchana, wengine usiku, kwa miezi 12. Waliokula usiku ndio walioongeza misuli. Kwa hiyo kabla ya kulala ale kitu chenye gramu 50 hivi za wanga: vipande viwili vya mkate, ndizi mbivu na kikombe cha maziwa, au bakuli la uji mzito wa maziwa. Akiamka, ale mapema. Mchana ale kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lenye maji linabana na anashiba upesi.

Chumvi ni kweli ipunguzwe maji yakijaa: isizidi kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Dagaa wetu wa ziwani wanaoanikwa bila chumvi wanafaa sana. Wa pwani, wanaochemshwa kwa maji ya chumvi, waachwe. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu virudishe ladha. Lakini kama chakula kimepoa ladha hadi mgonjwa anakisukuma pembeni, ongeza chumvi kidogo ale. Njaa itamuua haraka kuliko hicho kidogo.

Karanga na mahindi yenye ukungu yasiingie kabisa kwa sababu ya sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Pombe hakuna. Mizizi na majani ya "kusafisha ini" pia hakuna.

Na akiambiwa asile tangu jioni kwa sababu ya kipimo, ombeni awe wa kwanza kwenye foleni ya asubuhi, na mje na uji wake kwenye chupa ya chai, anywe mara tu anapotoka. Kipimo kikiahirishwa, ale hapo hapo. Asisubirishwe hadi kesho.