Rambo la marehemu

Mama mmoja wa Ujiji alinimwagia mezani karatasi kutoka kwenye rambo la plastiki, yale ya kabla ya marufuku ya 2019. (Mambo madogo nimeyabadili asijulikane.) Kulikuwa na ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne, hati ya mauziano ya kiwanja, muuzaji kaweka dole gumba. Kulikuwa na risiti ya injini ya mtumbwi, wino umefifia, na kadi ya benki. Kwenye hati mumewe anaitwa kwa jina la babu yake. Kwenye kadi ana jina jingine, na kitambulisho cha taifa kina la tatu.

"Mtumbwi wenyewe uko wapi, mama?"

"Kibirizi, mwanangu. Lakini shemeji anasema walinunua wawili."

Huenda walinunua wawili kweli. Anayejua tumeshamzika.

Nikitaja wosia hapa Kigoma, watu hudhani nazungumzia wenye maghorofa. "Mimi nina nini cha kuandika? Wakili, usinichurie!" Wengine wananiambia, kwa adabu kabisa, kwamba wao ni Waislamu na Qurani imeshagawa. Hilo ni kweli. Ndiyo maana wasia wa Kiislamu hauvuki theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi juu ya fungu lake mpaka warithi wenzake waridhie. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake, moja ya nane, hakuna ubishi. Sasa thumuni ya nini? Faraidhi, yaani mgawo wa mirathi wa Kiislamu, huanza baada ya gharama za mazishi kutoka, madeni kulipwa na wasia kutimizwa. Kama hatujui nusu ya mtumbwi ni ya nani, wala marehemu alikuwa anadaiwa kiasi gani cha nyavu, sheikh atapiga hesabu ya kitu gani?

Kwa hiyo huwa nawaambia wateja kugawa kuje mwisho. Kwanza andika ulicho nacho na mwenzako wa ubia ni nani. Andika unayemdai na anayekudai, hata kama ni magunia mawili ya dagaa. Andika majina yako yote, na karatasi zimewekwa wapi. Shamba la michikichi litajie mipaka na majirani, maana mti wa mpaka hukatwa mkaa.

Halafu mtaje msimamizi. Mazoea ni kumtaja kaka mkubwa. Mimi ningemtaja yule binti anayeandika mapato ya dagaa kila asubuhi. Msimamizi hapewi mali: anakusanya, analipa madeni, anagawa, na Mahakama ya Mwanzo inamtaka arudi ndani ya miezi minne na orodha ya mali na hesabu zake. Mtu asiyejua kutunza daftari atakwama hapo hapo. Na wosia hauwaondolei wanao safari ya mahakamani. Unachopunguza ni ugomvi wa kikao cha ukoo kabla ya safari hiyo.

Mashahidi nao wana hesabu yao. Kwa wanaofuata mila, Tangazo la Serikali namba 436 la 1963 linataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui kusoma, au anausia kwa mdomo, wanakuwa wanne, wawili kwa wawili. Anayegawiwa kitu asitegemewe kuwa shahidi. Ukishakamilika upeleke RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wakutunzie, au kwa wakili, na umwambie mtu mmoja uliko. Nimeshakutana na wosia safi kabisa uliookotwa chini ya godoro, mali imeshauzwa.

Yule mama hana hata ukurasa mmoja wa hayo. Viapo vya majina, kwamba yale matatu ni ya mtu mmoja, tumeshaandaa. Alhamisi tunateremka Kibirizi kumtafuta fundi aliyefunga ile injini. Wavuvi wanasema hasahau aliyemlipa.