Kadi ya ahadi isomeke: ninavyopanga taa za hema la harambee

Kamati ikinipigia simu kuhusu hafla ya kuchangisha fedha, huanza na rangi. "Dada, twende na dhahabu na nyeupe, au zambarau?" Mimi nawauliza wageni wataandika ahadi zao saa ngapi, na mkono ukiwa juu ya meza gani. Kitambaa tutakipata tu. Kadi isiposomeka, mapambo yote yamepotea njia.

Kazi yangu ya karibuni ilikuwa hapa Moshi, kwenye bustani: hema la mita 15 kwa 30, wageni 250, meza 25 za duara, wanachangia wodi ya watoto njiti. Mchana hema jeupe halina shida, turubai lenyewe linapitisha mwanga wa kutosha. Shida ni jioni. Huku kwetu jua likishazama giza halisubiri. Saa 12:30 unaona uso wa mwenzako vizuri, saa 1:15 umeshapapasa kiti. Kwa hiyo taa nawasha saa 12:00 zikiwa zimefifishwa, halafu naongeza kidogo kidogo, mgeni asijue ziliwaka saa ngapi.

Rangi ya mwanga nayo ina hesabu yake. Natumia kelvini 2700 hadi 3000, ule mwanga wa unjano unaokaribia wa koroboi. Balbu nyeupe za 6500 zinazojaa madukani ni nzuri kwa karakana. Juu ya ngozi zetu zinaleta weupe wa majivu, na ndizi nyama inaonekana imelala tangu jana. Taa za buluu na kijani naziacha kwenye kuta za hema, na hata huko kwa kiasi. Taa za LED za bei rahisi nazipima kwanza kwa kamera ya simu: zikileta mistari kwenye video, zinarudi stoo, maana picha za usiku huo ndizo kamati itawatumia wachangiaji wa mwakani.

Sasa meza, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Juu ya kila meza nafunga taa moja ya kumulika, yenye mwanga mwembamba, kwenye chuma cha fremu. Sifungi kitu chochote kwenye turubai. Upepo ukija linacheza, na taa inacheza nalo. Mwanga unaanguka katikati ya kitambaa cheupe, kitambaa kinaurudisha juu, na nyuso za watu 10 zinang'aa kutoka chini bila yeyote kuumizwa macho. Ndiyo maana zambarau niliikataa mezani. Inameza mwanga wote. Nikaipeleka kwenye tai za viti, kamati ikaridhika. Maua ya waridi nilikata mafupi, sentimita 30 kutoka mezani, ili mtu amwone aliyekaa mbele yake. Watu wakionana, meza nzima inahimizana kuchangia.

Kabla ya wageni namkalisha mzee wangu wa turubai, anayevaa miwani, nampa kadi na kalamu. Akiisogeza kadi usoni, naongeza mwanga. Akiisoma ikiwa mezani, tumemaliza.

Kuhusu majani, nilikosea. Nilikuwa nimefunga masale kwenye miguu ya meza, kijani chake kinapendeza kweli. Mzee mmoja wa kamati akanivuta pembeni: "Binti yangu, kwetu sale tunalibeba kwenda kuomba msamaha. Usiliweke watu wanapokanyaga." Nililifahamu hilo tangu utotoni na bado sikulifikiria. Tuliyafungua yote, tukaweka majani ya mgomba.

Umeme: laini ya taa peke yake, ya jikoni peke yake, ya muziki peke yake. Birika moja kubwa la kuchemshia chai linakula wati 3000, karibu uwezo wote wa soketi ya ampea 13; taa zangu zote za LED hazifiki hapo. Miaka kadhaa nyuma, kwenye hafla nyingine, mtu wa chakula alichomeka birika kwenye laini yangu na breka ikaanguka katikati ya hotuba. Tangu siku hiyo soketi zangu nazifunga kwa utepe mwekundu, na fundi umeme anakaa pale mpaka mwisho. Vitambaa vya dari vinakaa nusu mita mbali na kila taa, na mitungi ya kuzimia moto iko kwenye kila mlango.

Saa 3:00 usiku MC alipotangaza kadi zijazwe, nilimpa ishara kijana wa taa. Wengi hapo huongeza taa za jukwaani. Sisi tulizishusha, tukapandisha za mezani, na hema likahamia kwa wageni. Meza ya 19, bibi mmoja aliyejifunga khanga mabegani alifungua kalamu, akainama kidogo, akaandika bila kuinyanyua kadi.