AED (mashine ya kushtua moyo kwa umeme) na sheria za Marekani: anayebanwa ni mmiliki, si mwokoaji

Dhana: Ukiitumia AED bila cheti cha mafunzo, utashtakiwa.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 humkinga na madai ya fidia mtu anayeitumia mashine hii kwa nia njema kumwokoa aliyezimika ghafla. Majimbo nayo yana sheria zake za Msamaria Mwema, ingawa masharti hutofautiana. Kinga huondoka pale penye uzembe uliokithiri au kusudi baya, na ile ya shirikisho haimhusu mtaalamu wa afya aliye kazini. Isitoshe, mashine husoma mapigo yenyewe. Isipoona yanayohitaji umeme, hata ukibonyeza kitufe haitoi. Usimguse wala kumtikisa mgonjwa inaposoma, maana hilo ndilo linaloivuruga.

Dhana: Ukishaitundika ukutani, umemaliza.

Hapa ndipo wamiliki hujikwaa. Chini ya sheria hiyohiyo, mmiliki anaweza kupoteza kinga iwapo madhara yametokana na yeye kutowaarifu wahudumu wa dharura wa eneo lake mashine ilipo, kutoitunza na kuipima, au kutowafundisha wafanyakazi wanaotarajiwa kuitumia. Kuarifu si urasimu mtupu: mpokea simu wa 911, namba ya dharura ya Marekani, akijua mashine ilipo, anaweza kumtuma mtu akaichukue.

Kwenye matunzo, pedi, yaani vibandiko vya kifuani vinavyopitisha umeme, ndizo huangusha wengi. Jeli yake hukauka hata pakiti ikiwa haijafunguliwa, na pedi kavu haishiki kifuani, hivyo umeme haupiti sawasawa. Pedi nyingi hudumu miaka 2 hadi 5. Tarehe imeandikwa kwenye pakiti. Betri nayo ina ukomo wake. Kagua mara kwa mara taa inayoonyesha kama mashine iko tayari, andika tarehe na jina la aliyekagua, na weka pembeni mkasi, wembe na taulo, kwa kuwa pedi haigandi kwenye kifua chenye jasho au nywele nyingi. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani: aina nyingi hazitakiwi kuzidi nyuzi 50 za Selsiasi.

Dhana: Unainunua popote, kama kifaa kingine chochote.

Nyingi huuzwa kwa cheti cha daktari. Mwaka 2004 FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, iliruhusu modeli moja ya nyumbani ya Philips iuzwe bila cheti. Agizo la FDA la mwaka 2015 linataka AED, pamoja na betri na pedi zake, ziwe zimeidhinishwa, kwa hiyo jihadhari na pedi za bei chee zisizojulikana zilikotoka. Ukinunua ya mtumba, mjulishe mtengenezaji. La sivyo, tangazo la kurudisha mashine zenye hitilafu litamfikia mwenye zamani, wewe ubaki nayo.

Dhana: Kila mahali pa kazi lazima pawe nayo.

OSHA, wakala wa shirikisho wa usalama kazini, haina kanuni inayolazimisha hivyo. Baadhi ya majimbo huzitaka shule na kumbi za mazoezi ziwe nayo.