Udi, kinanda na uchumba katika picha za Waholanzi

Dhana: Waholanzi wa karne ya 17 walifuata mafundisho ya Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, kwa hiyo muziki kwao ulikuwa dhambi.

Walichokataa ni kinanda kupigwa ndani ya ibada. Sweelinck, mpiga kinanda wa kanisa la Oude Kerk, Amsterdam, alilipwa na mji na kuwapigia watu nje ya saa za ibada. Majumbani ziliimbwa zaburi, na nyimbo za mapenzi pia.

Dhana: Mwanamke aliyeshika udi ni kahaba.

Wapo wa namna hiyo. Mwaka 1622 Dirck van Baburen alichora kuwadi anayedai pesa kwa mteja huku binti akipiga udi. Lakini mshairi Jacob Cats, katika kitabu cha mafumbo cha 1618, aliuona udi kwa jicho jingine kabisa: ukipigwa mmoja, wa pili uliolazwa kando unaitikia bila kuguswa, mithili ya mioyo miwili iliyopatana. Udi huo wa Kiholanzi ni ndugu wa udi wa taarab, na hata jina umelichukua kwake, maana luit ya Kiholanzi imetokana na al-ud ya Kiarabu. Kwa kuwadi au kwa wapendanao, chombo ni kilekile. Maana yake huipati mpaka uwatazame watu waliokizunguka.

Dhana: Nyumba za Waholanzi zilikuwa vilevile zinavyoonekana katika picha hizi.

Sakafu zile za marumaru nyeusi na nyeupe zilikuwa adimu majumbani. Wengi walikanyaga mbao.

Dhana: Mchoraji Vermeer mwenyewe alimfuta Cupid, mungu wa mapenzi, ukutani nyuma ya msichana anayesoma barua dirishani.

Hili liliaminiwa kwa miaka mingi, tangu eksirei ilipomfichua Cupid huyo mwaka 1979. Kumbe kati ya rangi ya Vermeer na ile iliyomfunika palikuwa na tabaka la uchafu, dalili kwamba miaka mingi ilipita kabla hajafunikwa, na aliyemfunika ni mtu mwingine baada ya Vermeer kufa. Mwaka 2021 makumbusho ya Dresden, Ujerumani, yaliionyesha picha ikiwa imesafishwa. Mimi naona tulinyimwa nusu ya habari: barua ile ni ya mapenzi, na ukuta ulikuwa ukilitamka hilo waziwazi.

Dhana: Katika picha ya Vermeer iitwayo Somo la Muziki, mwanamume ni mwalimu.

Jina hilo Vermeer hakulitoa. Picha ilipouzwa Amsterdam mwaka 1696, orodha ya mnada ilitaja tu bibi anayepiga kinanda chumbani na bwana anayemsikiliza. Kwenye kifuniko cha kinanda pameandikwa kwa Kilatini kwamba muziki ni mwenzi wa furaha na dawa ya huzuni. Bibi ametupa mgongo, kichwa kimeelekea kinandani. Sasa inua macho utazame kioo kilicho juu yake: humo uso wake umegeukia kwa yule bwana.