Klebsiella sugu kwa meropenemu: usugu umetoka wapi?

Majibu ya maabara yakiandika "sugu kwa meropenemu" (antibiotiki ya kundi la karbapenemu), kazi bado haijaisha. Klebsiella pneumoniae, bakteria wa maambukizi ya hospitalini, hufikia hapo kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina hatari yake wodini.

Inayotisha zaidi ni ya vimeng'enya vinavyovunja dawa: KPC, NDM na OXA-48. Jeni zake kwa kawaida hukaa kwenye plasmidi, viduara vya DNA ambavyo bakteria humpitishia jirani yake, hata wa spishi nyingine. Jeni ya KPC hubebwa pia na transposoni (kipande cha DNA kinachohamahama) Tn4401, inayoihamisha kutoka plasmidi moja hadi nyingine. Kwa hiyo Klebsiella ya kitanda kimoja na E. koli ya kitanda cha pili zinaweza kuwa mlipuko uleule. Mara nyingi plasmidi hiyo hubeba na usugu wa gentamisini, antibiotiki nyingine. Ukitumia gentamisini, unaipalilia KPC bila kukusudia.

Njia nyingine ni kupoteza protini ziitwazo porini, OmpK35 na OmpK36, vitundu vya kwenye utando wa bakteria ambamo dawa hupenya. Dozi ndogo inayoingia humalizwa na ESBL au AmpC, vimeng'enya vingine vinavyovunja antibiotiki. Ertapenemu, karbapenemu nyingine, ndiyo hushindwa kwanza. Hitilafu ya porini iko kwenye kromosomu: uzao huirithi, jirani hapewi.

Kutofautisha njia hizo, tumia mCIM, kipimo kinachoonyesha kama bakteria huvunja meropenemu. Chovya lupu ya 1 µl ya koloni ndani ya 2 ml za TSB (mchuzi wa kuoteshea bakteria), tikisa, tumbukiza diski ya meropenemu ya 10 µg, acha saa 4 kwa nyuzi 35. Itoe, ukamue maji kwenye ukingo wa mrija, uiweke juu ya agari ya Mueller-Hinton iliyopakwa E. koli ATCC 25922, bakteria wa majaribio anayeuawa na meropenemu. Kesho yake pima duara lisiloota bakteria kuzunguka diski: kipenyo cha mm 6 hadi 15 maana yake dawa imevunjwa; mm 19 au zaidi, haikuvunjwa. Ukiruka hatua ya kukamua, maji yanayotiririka huharibu duara na kipimo hakisomeki.

Andaa na mrija wa pili vilevile, ila uongezewe 20 µl za EDTA ya 0.5 M, kemikali inayonasa metali. EDTA hunyang'anya NDM zinki yake, hivyo duara likipanuka kwa mm 5 au zaidi, mshukiwa ni NDM au ndugu zake. Usisome mrija huu kama mCIM ni hasi. Tena, bakteria mwenye KPC na NDM pamoja hudanganya: KPC huendelea kuvunja dawa, na duara halipanuki.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa. Avibaktamu, dawa ya kuzuia vimeng'enya, huzuia KPC na OXA-48, si NDM. NDM haivunji antibiotiki ya aztreonamu, lakini ESBL iliyo ndani ya bakteria huyohuyo huivunja. Ndiyo maana aztreonamu hupewa pamoja na seftazidimu-avibaktamu: avibaktamu huizuia ESBL hiyo.

PCR, kipimo cha kutafuta jeni, ikiwa hasi huku mCIM ni chanya, iaminini mCIM. PCR hutafuta jeni zilizomo kwenye orodha yake tu, kwa hiyo mgonjwa abaki kwenye chumba cha kutengwa.